Charlotte Brontë: Alikataliwa Mwaka Mzima Kabla Apate Mchapishaji Anayesoma

Kabla jina lake liwe kubwa, Charlotte Brontë alikuwa tu binti ya kasisi pale Haworth, kijiji cha baridi kaskazini mwa Uingereza. Alizaliwa 1816. Mathee alifariki Charlotte akiwa bado mdogo, kazi ya ualimu ikamchosha, na shule aliyotaka kufungua na sista zake Emily na Anne haikupata hata mwanafunzi mmoja.

1846 watatu hao walichanga doh zao wakalipia kitabu cha mashairi. Mwaka ukaisha, nakala 2 pekee ndizo zimeuzwa. Noma! Lakini hawakukunja jamvi. Kila mmoja akaandika riwaya, wakajificha nyuma ya majina Currer, Ellis na Acton Bell, juu siku hizo mwanamke akiandika, watu walimpima yeye kabla ya kazi yake.

Miswada ikazungushwa, ikakataliwa. Agosti 1846 Charlotte alikuwa Manchester na buda yake, aliyekuwa anapasuliwa jicho. Siku hiyo hiyo ya operesheni, mswada wake, The Professor, ukarudishwa. Hakukaa kulia. Alianza kuandika Jane Eyre huko huko.

Julai 1847 Thomas Newby wa London akakubali vitabu vya Emily na Anne, mradi watangulize pauni 50. Cha Charlotte hakukitaka.

Basi Charlotte akatuma The Professor kwa Smith, Elder & Co., pia ya London. Aliufunga na karatasi ile ile kuukuu, majina ya waliomkataa yakiwa yamepigwa tu mstari! Hao pia walikataa. Ila msomaji wao wa miswada, William Smith Williams, alimjibu kwa heshima, akamweleza kasoro, na kusema riwaya ya majuzuu 3 wangeiangalia vizuri.

Jane Eyre ikatumwa mwezi Agosti. George Smith, mwenye kampuni, kijana wa miaka 23, aliishika Jumapili asubuhi. Alifuta mpango wa kwenda kupanda farasi na beste yake, akala mbio mbio, na hakulala kabla ya kumaliza. Charlotte akalipwa pauni 100, na Oktoba kitabu kikatoka, kikawaka moto.

Na Newby? Aliwakalisha Emily na Anne hadi Desemba, Jane Eyre iliposhika, ndipo akatoa vitabu vyao vikiwa vimejaa makosa ya uchapaji. 1848 akawauzia Wamarekani uongo kwamba riwaya mpya ya Anne ni ya mwandishi wa Jane Eyre. Smith akataka maelezo. Charlotte na Anne wakapanda treni ya usiku hadi London, wakaingia ofisini kwake na barua aliyowaandikia, aone kwa macho yake kwamba hao Bell si mtu mmoja.

Emily alifariki Desemba mwaka huo, Anne Mei 1849. Nyumba ikabaki kimya, na Smith na Williams wakawa wanamtumia Charlotte maboksi ya vitabu vya kusoma. Alifariki 31 Machi 1855, akiwa na miaka 38.

The Professor ilitoka 1857. Waliochapisha? Smith, Elder & Co.

Kwa hivyo wewe mwenye mswada umelala kwa laptop, usimkimbilie tu anayesema ndio haraka huku akikuitisha pesa. Chunguza nani amekusoma, hata kama amekukataa.