Askofu Edward Steere na Kanisa la Sokoni Unguja



Yuko mtu mmoja ambaye kila mwalimu afundishaye Injili kwa Kiswahili hula matunda ya shamba lake, awe Igawa au Rujewa, awe Iringa au Mbeya. Lakini wengi hawalijui jina lake. Mtu huyu ni Edward Steere, aliyekuwa askofu wa Kanisa la Kianglikana katika Unguja, akafa mwaka 1882. Hakuwa wa Kanisa letu la Kilutheri, lakini kazi yake imetufikia sisi sote. Twataka kueleza maisha yake, na zaidi mwaka mmoja na miezi michache ya maisha hayo, tangu Juni 1873 hata Agosti 1874. Katika siku hizo twaona wazi jinsi kanisa la mjini lipandwavyo na kutunzwa. Na kwa kuwa watu wetu wengi wamehamia mijini, na vijiji vya kando ya barabara vimekuwa miji, habari hizi zatuhusu.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sana, akawa mwanasheria mwenye cheo. Tena alijifunza kazi ya kupiga chapa kwa mikono yake mwenyewe, wala hakujua bado itamfaa wapi. Baadaye aliiacha sheria, akawekewa mikono kuwa mchungaji, akatumikia vijiji vidogo vya Uingereza, kwa watu wa shamba na wavuvi.

Katika mwaka 1857 David Livingstone alikuwa amewaita vijana wa vyuo vya Uingereza waje Afrika, na kwa wito huo ikaanzishwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Wamisionari wake wa kwanza walikwenda nchi ya mto Shire, upande wa kusini wa Ziwa Nyasa. Huko walipatwa na njaa, vita na homa. Askofu wao Mackenzie akafa mwaka 1862, na wengine pamoja naye. Askofu wa pili, William Tozer, alikuwa rafiki yake Steere, naye alimwomba afuatane naye. Steere alikubali, akidhani atakaa muda mfupi tu. Mkewe alibaki Uingereza kwa sababu ya afya yake, na kutengana huko kulikuwa mzigo ambao Steere aliuchukua mpaka mwisho. Wasifikiri watu kwamba watumishi wa zamani hawakuacha kitu walipoondoka kwao.

Tozer na Steere walipoiona nchi ya Shire, wakaona kwamba misheni haiwezi kusimama huko kwa wakati ule. Wakahamia Unguja mwaka 1864. Watu wengi waliwalaumu, na Livingstone mwenyewe hakupendezwa, maana waliona ni kama kuikimbia bara na kujificha pwani. Lakini Steere aliona neno ambalo wengine hawakuliona. Mjini Unguja walikuwapo watu wa makabila yote ya bara: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wabisa na wengine. Hawakuja kwa kupenda. Waliletwa katika misafara ya watumwa na pembe, wakishuka Kilwa, kisha wakivushwa baharini katika majahazi. Basi, aliyetaka kuijua bara angeweza kuanza kujifunza pale pale sokoni. Mji ulikuwa mlango wa nchi nzima, na ndivyo ilivyo miji mpaka leo.

Mwaka huo wa 1864 Sultani Majid aliwapa wamisionari wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule yao, na mmoja wao aliitwa John Swedi. Steere aliwafundisha, lakini naye aliwafanya kuwa walimu wake, akiwauliza jina la kila kitu na maana ya kila neno. Tena aliwaendea wazee Waislamu wenye elimu, akaketi nao, akaandika hadithi zao. Alisimamisha mtambo wa kupigia chapa, akawafundisha vijana kupanga herufi. Injili ya Mathayo ilitolewa mwaka 1869, na mwaka 1870 kikatolewa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, pamoja na kitabu cha hadithi za Unguja. Kweli, kabla yake Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg katika Ujerumani, alikuwa amefanya kazi kubwa ya lugha huko Mombasa tangu mwaka 1844. Lakini Steere alikishika Kiswahili cha mji wa Unguja, kama kilivyonenwa na watu nyumbani na barazani.

Sasa twaufikia mwaka wenyewe. Mwanzo wa mwaka 1873 mambo ya misheni yalikuwa dhaifu. Tufani kubwa ya Aprili 1872 ilikuwa imeuharibu mji na mashamba. Wamisionari wengi walikuwa wamekufa au wamerudi kwao wagonjwa, na Askofu Tozer naye, afya yake ilipovunjika, akajiuzulu mwaka huo huo wa 1873. Mzigo wote ukamwangukia Steere. Mtu wa kawaida angalisema kwamba kazi imekwisha.

Ndipo likatokea jambo kubwa. Serikali ya Uingereza ilimtuma Bartle Frere kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Sultani alikataa. Kisha balozi John Kirk akamwonya kwamba manowari zitaziba bandari, na siku ya tarehe 5 Juni 1873 Barghash akaweka sahihi yake. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, lisifunguliwe tena. Uwanja ambao maelfu ya watu walikuwa wamepangwa kwa safu, wakapimwa na kutazamwa meno kama wanyama, ukabaki mtupu.

Je, mahali kama hapo pafanywe nini? Mmisionari Arthur West alinunua sehemu ya uwanja kwa fedha zake mwenyewe, na mfanyabiashara mmoja Mhindu akatoa sehemu nyingine kuwa zawadi. Steere hakungoja jengo zuri. Alianza kuhubiri hapo sokoni katika kibanda cha udongo, akanena Kiswahili, na watu wa mjini wakaingia kumsikiliza na kumwuliza maswali. Wengi walikuwa Waislamu, nao walijibizana naye. Steere hakuwadharau, maana lugha aliyohubiri nayo aliipata kwao. Siku ya Kuzaliwa Bwana, tarehe 25 Desemba 1873, likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Miezi sita tu ilikuwa imepita tangu mtu wa mwisho kuuzwa mahali hapo.

Twaweza kufikiri kwamba siku ile ilikuwa mwisho wa mateso yote. Sivyo. Yatupasa kuisema kweli. Kufungwa kwa soko hakukuwaweka huru watumwa waliokuwa katika mashamba ya karafuu. Majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri, na misafara ilipita bara kwa miguu. Hali ya utumwa haikuondolewa kwa sheria katika Unguja mpaka mwaka 1897, na katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo kanisa lile lilianza kujengwa katikati ya mji ambao watumwa walikuwa wangali wakipita njiani wamechukua mizigo ya mabwana zao. Hapo ndipo neno lenyewe lilipojaribiwa. Kama waliokombolewa wangaliachwa bila mahali, bila kazi na bila elimu, jengo lingekuwa kaburi jeupe tu.

Kwa sababu hii kazi ya usharika ule haikuwa ibada peke yake. Huko Kiungani, nje ya mji, ilikuwapo shule ya wavulana. Huko Mbweni lilikuwapo shamba walipokaa watu wazima waliotolewa katika majahazi, wakajenga nyumba zao, wakalima, wakaoana, wakabatizwa. Mjini walikuwapo wapiga chapa, waashi na walimu. Hawa wote walikuwa watu wasio na ukoo mmoja wala lugha moja. Wengine hawakukumbuka hata jina la kijiji chao. Kiswahili na Ubatizo viliwafanya jamaa. Ndivyo usharika wa mjini ulivyo: watu waliotengwa na ukoo wao hupata ndugu wengine, au wasipowapata hupotea.

Katika mwezi wa Februari 1874 mji ulipata habari nyingine. Livingstone alikuwa amefariki barani tangu Mei 1873, na watumishi wake, Chuma na Susi pamoja na wenzao, walikuwa wameuchukua mwili wake miezi mingi mpaka Bagamoyo. Kutoka Bagamoyo ukavushwa Unguja, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa London katika kanisa la Westminster. Tarehe 24 Agosti mwaka huo huo, katika kanisa lile lile, Steere aliwekewa mikono kuwa askofu. Hakuitaka heshima hiyo, na mwanzoni aliikataa. Akakubali kwa kuwa hakupatikana mwingine. Livingstone alikuwa amelaumu kuhamia Unguja. Lakini sasa wito wake uliendelezwa na mtu yule aliyekaa Unguja.

Askofu mpya hakukaa mjini akafunga mlango. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu mpaka kwa Mataka, mfalme wa Wayao. Mwaka 1876 aliwachukua watu waliokombolewa, wanaume na wanawake waliotaka kurudi karibu na nchi zao, akawapeleka Masasi, wakaanzisha kijiji cha Kikristo. Hivyo watu walioletwa pwani kwa kamba shingoni walirudi bara wakiwa wenye Injili. Usharika wa mjini ulizaa usharika wa bara. Mwaka 1879 John Swedi, yule mvulana wa jahazi, akawekwa kuwa shemasi.

Muda huo wote jengo liliendelea kupanda, na Steere mwenyewe alikuwa msimamizi wa waashi. Dari alilifanya kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, likapinda kama tao kubwa, pasipo boriti. Wengi waliogopa kwamba litaanguka. Halikuanguka, na mpaka leo lasimama Mkunazini. Husimuliwa pia kwamba siku moja, askofu akiwa hayupo, mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini, chini juu. Nguzo hizo hazikuondolewa, na wageni huonyeshwa hata sasa. Zinalichukua kanisa sawasawa na zile nyingine. Nasi tulio na wazee wa kanisa na walimu wasiosoma sana tuzikumbuke nguzo hizo.

Agano Jipya la Kiswahili cha Unguja lilikuwa kazi yake kubwa ya miaka ya mwisho. Alifasiri asubuhi, akasimamia ujenzi, akafundisha, akahubiri, tena akarudi penye karatasi. Mwili ukachoka. Mwezi wa Agosti 1882 alikutwa amekufa chumbani mwake, mwenye umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Majuma machache baadaye Wangoni waliishambulia Masasi, wakaua na kuchukua mateka. Lakini kijiji hakikufa, na Kanisa la huko liko hata leo.

Biblia nzima, iliyoendelezwa na wenzake, ikatolewa mwaka 1891. Wazee wetu wa Kilutheri walisoma zaidi Biblia ya Karl Roehl ya mwaka 1937, na baadaye ile ya pamoja ya mwaka 1952. Lakini wafasiri wote hao walipita katika njia ambayo Steere aliifyeka. Na mwaka 1928, wakuu wa elimu walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili cha kufundishia shuleni, walikichagua kile cha Unguja. Kwa hiyo mtoto wa Usangu asomaye shuleni leo anatumia lugha iliyoandikwa kwanza kwa bidii kati ya soko la watumwa na kiwanda cha chapa.

Basi, ndugu walimu na wazee wa kanisa, tujifunze nini? Kwanza, tusidharau mwaka wa udhaifu. Mwaka 1873 misheni ile ilikuwa karibu kufa, nao ndio uliokuwa mwaka wa msingi. Pili, tusingoje jengo. Kibanda cha udongo kilitangulia kanisa la mawe, na neno lililoeleweka lilitangulia vyote viwili. Tatu, tuwatazame wageni. Penye njia kuu, kama Igawa, watu hushuka kila siku wasio na ukoo hapo: vibarua wa mashamba ya mpunga, wachuuzi, vijana waliokosa kazi, wasichana walioitwa kwa ahadi za uongo. Utumwa wa soko umekwisha, lakini watu wangali wakinunuliwa kwa njia nyingine, kwa fedha kidogo na kwa hofu. Usharika usiowajua watu hao kwa majina haujaanza kazi yake ya mjini. Kabla ya kuhesabu matofali ya kanisa jipya, kila mzee na aende Jumapili hii akaulize katika mtaa wake: ni nani amefika hapa mwaka huu, analala wapi, naye ana nani?

Bwana awabariki katika kazi hiyo.