Ramstedt, daktari aliyeokoa watoto wachanga

Conrad Ramstedt, daktari mpasuaji wa Ujerumani, alizaliwa mwaka 1867. Mnamo Agosti 1911, mjini Münster, alimpasua mtoto mchanga aliyekuwa akitapika maziwa yote. Msuli wa mlango wa kutokea tumboni ulikuwa umenenepa na kuziba njia. Aliukata, lakini alipojaribu kuushona nyuzi zikachana nyama. Msuli ukaachwa wazi, na mtoto akapona. Mwaka 1912 alimpasua mwingine bila kuushona kabisa, na njia hiyo inatumika hadi leo. Alifariki mwaka 1963.

Mzazi wa Kisoko, mtoto wa wiki tatu hadi sita akitapika kwa nguvu, kisha akataka ziwa tena huku akikonda, usingoje mzigo uvuke Busia. Mkimbize hospitali. Huongezwa maji na chumvi mwilini kwanza, ndipo apasuliwe.