Robert Wangila: kutoka dhahabu ya Seoul mpaka raundi ya 9 Las Vegas

Niko huku Kikatiti. Leo siasa tuweke pembeni kidogo, nataka tuongee ngumi.

Sisi huku tuna gunia letu. Tumelijaza matambara na maranda ya mbao, tumelitundika kwenye mti, si mbali na barabara kuu ya Moshi-Arusha. Jioni vijana wanakuja, wengine wa bodaboda, wengine wametoka sokoni. Juzi dogo mmoja kaja kachangamka kweli. Kaangalia video ya Wangila anamlaza Mfaransa, anataka nimfundishe hiyo hiyo, leo leo. Nikamuuliza kama anajua jamaa aliishia wapi. Hajui. Nikaona niandike, maana najua hayuko peke yake.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi mwezi Septemba 1967. Mwaka 1988, miaka 21 tu, akaenda Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini, uzito wa kilo 67. Kenya ilishakuwa na jina kwenye ngumi za ridhaa. Philip Waruinge alileta shaba Mexico 1968 na fedha Munich 1972. Dhahabu ndiyo ilikuwa inasumbua. Fainali Wangila akakutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa, na raundi ya 2 tu Mfaransa akalala kwa KO. Mwaka ule Kenya ilibeba dhahabu 5, na 4 zote zilikuwa za wakimbiaji. Hadi Olimpiki ya Paris 2024, hiyo ya Wangila ndiyo dhahabu pekee ya Kenya ambayo haikutokana na riadha. Siyo mchezo!

Sasa turudi kwa dogo. Alianza kupiga gunia kwa mkono mtupu, nguvu zote zinatoka begani. Dakika 2 amechoka, kifundo kinauma. Nikamwambia ngumi inaanzia chini. Unasukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, kisigino kinageuka, kiuno kinafuata, bega, halafu ndiyo mkono. Kiganja unakikaza pale mwisho unapogusa. Mkono mwingine unabaki shavuni, hauendi kutembea. Na ngumi ikishafika inarudi haraka kwa njia ile ile. Wengi wanajua kuituma tu, kuirudisha hawajui.

Kusimama nako ni shule. Kama unatumia mkono wa kulia, tanguliza mguu wa kushoto, ili mkono wenye nguvu ubaki nyuma upate nafasi ya kuzunguka. Mashoto afanye kinyume. Miguu ipishane upana wa mabega, magoti yalegee, kidevu chini. Usisimame miguu kwenye mstari mmoja kama unapita kwenye kamba, utasukumwa na mtoto. Chagua mkao mmoja ukae nao miezi, usibadilishe kila ukiona video mpya. Mkao mzuri ni ule ambao ukipiga hupepesuki, na ukipigwa bado unaweza kuondoka.

Hapo kwenye kupigwa ndipo habari ya Wangila inapouma. Baada ya Seoul akaingia ngumi za kulipwa, akahamia Marekani. Huko mambo ni mengine. Ridhaa enzi za Seoul ilikuwa raundi 3 na kofia ya kukinga kichwa. Kulipwa hakuna kofia, raundi zinafika 10 au 12. Alishinda mapambano mengi, mengine akapoteza, mkanda wa dunia hakuupata. Yule Boudouani aliyemlaza Seoul ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA mwaka 1996. Lakini Wangila hakuwepo kuona.

Tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Raundi ya 9 refa akasimamisha pambano. Wangila alikataa, akalalamika kwamba bado anaweza. Akatoka ulingoni kwa miguu yake. Chumba cha kubadilishia nguo ndiko alikoanguka. Akakimbizwa hospitali, akapasuliwa kichwa, na tarehe 24 akafariki. Alikuwa na miaka 26. Jamani, miaka 26!

Nikisoma habari hiyo najiona mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 19 nilipigwa konde la sikio kwenye mazoezi, nikaona giza. Waliokuwepo wakacheka, nami nikaona aibu, nikaendelea raundi 2 zaidi. Usiku nikatapika, kichwa kikaniuma siku 3, nyumbani nikasema nimekula vibaya. Hakuna aliyeniambia kwamba ubongo ukivuja damu, mtu anaweza kuongea na kutembea vizuri kabisa huku anakwisha. Moyo wa ushujaa hauwezi kukuambia hali ya kichwa chako. Refa anaona kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kukiona.

Kwa hiyo pale kwetu tumeweka sheria. Ukiona giza au nyota, umemaliza kwa siku hiyo, na wiki kadhaa hupigwi kichwani tena. Kichwa kikiendelea kuuma, ukitapika au ukisinzia sinzia, ni hospitali moja kwa moja, siyo panadol. Na hakuna ruhusa ya kumcheka aliyesema basi.

Dogo alinuna kidogo, lakini jana karudi. Nimemwambia Wangila ni shujaa wetu Afrika Mashariki, amuige kwa ile dhahabu. Ila siku refa akinyanyua mikono, ashuke ulingoni bila ubishi. Pambano lingine litakuja.

Nyie mnaocheza ngumi Usa River, Tengeru, Moshi na kwingine, kwenu mnafanyaje mtu akipigwa akapotea? Tiririkeni hapo chini.