Zheng He, Towashi Aliyeongoza Merikebu

Zheng He alizaliwa mwaka 1371 katika Yunnan, nchi ya China, nyumbani mwa Waislamu. Alipokuwa mtoto, askari wa mfalme waliiteka nchi yao. Baba yake akafa, naye akachukuliwa mateka, akafanywa towashi. Sisi wa Songea twaijua huzuni hiyo, maana katika vita vya wazee wetu watoto wengi walitekwa, wakalelewa ugenini.

Hata hivyo alimtumikia bwana wake kwa uaminifu. Bwana huyo alipopata ufalme mwaka 1402, alimfanya jemadari wa merikebu. Tangu mwaka 1405 hata 1433 zilifanyika safari saba. Ya kwanza ilichukua watu zaidi ya 27,000. Merikebu zake zilifika hata Malindi. Tena mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme twiga, na Wachina wakastaajabu, wakamdhania mnyama wa baraka atajwaye katika hadithi zao.

Kisha safari zile zilikomeshwa. Zheng He hakuzaa mtoto, lakini jina lake lingaliko. Basi tusomapo Isaya 56, jinsi Mungu awakumbukavyo matowashi, tusimdharau mtu yeyote aliyeumizwa na wanadamu.