De Lesseps: Alifungua njia ya meli, viumbe vamizi navyo vikapita

MKULIMA wa Kimana, chini ya Mlima Kilimanjaro katika Kaunti ya Kajiado, anaijua vyema tabia ya mfereji. Anapokata ukingo ili maji ya chemchemi yafike kwenye nyanya na vitunguu vyake, maji hayo hayaji peke yake. Huja na mbegu za magugu, konokono na chochote kilichokuwa kikiishi huko juu. Jembe huchagua mahali maji yatakapopita. Halichagui kitakachopita pamoja na maji.

Funzo hilo la shambani halikuwamo katika hesabu za mtu aliyesimamia uchimbaji wa mfereji mashuhuri kuliko yote duniani. Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyeunganisha Bahari ya Shamu na Mediterania mwaka 1869, alihesabu meli, mchanga na hisa. Viumbe vya baharini hakuvihesabu. Leo, zaidi ya miaka 130 tangu afariki, wanasayansi hutumia jina lake kuutaja uhamaji wa viumbe kutoka bahari moja hadi nyingine kupitia mfereji huo.

De Lesseps alizaliwa mjini Versailles tarehe 19 Novemba 1805, katika ukoo wa wanadiplomasia. Mwaka 1832 alitumwa Alexandria, Misri, kuwa mwakilishi mdogo wa serikali yake. Alipokuwa amezuiliwa karantini kabla ya kuingia mjini, alisoma taarifa ya mhandisi Le Père, aliyefika Misri na jeshi la Napoleon, kuhusu uwezekano wa kuziunganisha bahari hizo mbili. Wazo hilo halikumtoka tena moyoni.

Huko Misri alifanya urafiki na Said, mwana wa mtawala Muhammad Ali. Kijana huyo alikuwa mnene, na baba yake alimpimia chakula na kumlazimisha kufanya mazoezi makali. Inasimuliwa kwamba nyumbani kwa De Lesseps alipata sahani ya tambi kwa siri. Ukarimu huo ulikuja kulipwa mara nyingi.

Mwaka 1849 De Lesseps aliacha utumishi wa serikali baada ya kutofautiana na wakubwa wake kuhusu mgogoro wa Roma. Mwaka 1853 akafiwa na mkewe. Alikuwa amejitenga shambani, akishughulika na kilimo, pale habari zilipomfikia mwaka 1854 kwamba Said ameshika utawala wa Misri. Alifunga safari upesi, na tarehe 30 Novemba mwaka huo akapewa idhini ya kuchimba mfereji.

Hakuwa mhandisi wala tajiri. Silaha yake ilikuwa ulimi, pamoja na ukaidi usiojua kuchoka. Uingereza ilimpinga kwa miaka mingi kwa kuhofia njia yake ya kwenda India. Hata hivyo, kampuni iliundwa mwaka 1858, na tarehe 25 Aprili 1859 jembe la kwanza likapigwa mahali palipokuja kuitwa Port Said.

Miaka ya mwanzo mzigo uliwaangukia wakulima wa Misri. Maelfu kwa maelfu waliondolewa vijijini kwa nguvu na kuchimba kwa mikono, na wengi walifia jangwani. Ili kuwapatia maji ya kunywa, ulichimbwa kwanza mfereji mwingine wa maji baridi kutoka Mto Nile. Baada ya kazi ya shokoa kusitishwa, mitambo ya mvuke ilichukua nafasi yao.

Tarehe 17 Novemba 1869 mfereji wenye urefu wa kilomita zipatazo 160 ulifunguliwa kwa shangwe, huku merikebu ya Malkia Eugénie wa Ufaransa ikitangulia. Meli za Ulaya hazikulazimika tena kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Pwani ya Afrika Mashariki iliyaona mabadiliko hayo haraka: kufikia mwaka 1872 meli za barua zilikuwa zikifika Unguja kwa ratiba. Baada ya biashara ukafuata ukoloni.

Kulikuwa na aliyetazama chini ya maji. Mwaka 1865, miaka minne kabla ya ufunguzi, mwanazuolojia Mfaransa Léon Vaillant alieleza kwamba kukatwa kwa shingo hiyo ya nchi kungewapa wataalamu nafasi ya kuchunguza jinsi viumbe wa bahari mbili watakavyohama na kuchanganyika. Wenye mradi hawakuwa na sababu ya kusita. Zama hizo bahari ilionekana kubwa mno kuweza kudhuriwa na mtu.

Kwa bahati, maumbile yaliweka vizuizi viwili. Katikati ya mfereji kuna Maziwa Machungu, ambayo chini yake lilikuwapo tabaka nene la chumvi. Maji yake yalikuwa makali kiasi cha kuwashinda viumbe wengi. Aidha, mafuriko ya Nile yalimwaga maji baridi kila mwaka kwenye mlango wa kaskazini. Hata hivyo, hazikupita hata miaka kumi kabla ya chaza wa lulu kutoka Bahari ya Shamu kuonekana pwani ya Misri.

Vizuizi hivyo havikudumu. Chumvi iliyeyuka mwaka baada ya mwaka. Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, liliyazuia mafuriko ya Nile. Mfereji wenyewe ulipanuliwa na kuongezwa kina mara kwa mara, na upanuzi mkubwa ulizinduliwa mwaka 2015. Mlango uliokuwa na pazia ukabaki wazi.

Waliopita ni viumbe ambao mvuvi wa Lamu au Shimoni hahitaji kujulishwa. Wamo samaki wa jamii ya tafi, ambao mashariki mwa Mediterania wamekula mwani hadi miamba ikabaki mitupu, na samaki wengine wakakosa maficho na malisho. Yumo bunju mwenye sumu ya kuua, aliyeripotiwa Uturuki mwaka 2003 na kisha kuenea kwa kasi, akirarua nyavu na kuwatia hasara wavuvi. Yumo samaki mwenye miiba ya sumu na mapezi yaliyotanda kama manyoya, ambaye sasa amejaa Cyprus na Lebanon. Yamo pia makundi ya yavuyavu, yanayowachoma waogeleaji na kuziba mabomba ya maji ya vituo vya umeme.

Kwao, viumbe hao si balaa. Katika Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi kuna wanaowala, wanaoshindana nao, na watu wanaojua asiyefaa kuingia chunguni. Ugenini hayo yote hayakuwapo. Cyprus na Uturuki zimelazimika kuwalipa wavuvi ili wamvue bunju.

De Lesseps hakuishi kuyaona hayo, lakini kiumbe kidogo kilimwangusha akiwa hai. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70 alianzisha mradi wa Panama, akiamini kwamba ushindi wa jangwani ungejirudia msituni. Malaria na homa ya manjano ziliua wafanyakazi takriban 20,000, wakati ambapo bado haikujulikana kwamba mbu ndiye mwenezaji. Kampuni ilifilisika mwaka 1889, na akiba za Wafaransa wengi wa kawaida zikapotea. Mwaka 1893 alihukumiwa kifungo cha miaka mitano ambacho hakukitumikia. Alifariki tarehe 7 Desemba 1894 akiwa na umri wa miaka 89.

Sanamu yake iliyosimamishwa Port Said mwaka 1899 iliangushwa mwaka 1956, baada ya Misri kuutaifisha mfereji. Kumbukumbu iliyo hai zaidi imo majini, na hiyo haiangushiki.

Kwa Kenya, suala hili si la Mediterania pekee. Viumbe husafiri pia ndani ya maji yanayotiwa matumboni mwa meli ili zisiyumbe, kisha yakamwagwa kwenye bandari kama Mombasa. Mkataba wa kimataifa wa kuyadhibiti maji hayo ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika mwaka 2017, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Mafanikio yake yatategemea ukaguzi bandarini, kwani kiumbe kikishazaana baharini ni nadra kukiondoa.

Haitakuwa haki kumlaumu De Lesseps kwa elimu ambayo zama zake hazikuwa nayo. Kizazi cha leo hakina udhuru huo. Mkulima wa Kimana anapoona gugu geni mdomoni mwa mfereji, huling'oa kabla halijatoa mbegu. Baharini nako, wakati wa kuuliza ni kabla ya lango kufunguliwa.