Abbé Albert Joubert, mtoto wa Mrumbi aliyekufa Fizi

Siku ya posho, tarehe 28 Novemba 1964, gari la kijeshi la waasi lilisimama mbele ya misheni ya Baraka. Kisha likaendelea mpaka Fizi. Kabla ya usiku kuisha, mapadri watatu na bruda mmoja walikuwa wamekufa. Watatu kati yao walikuwa Waitaliano. Wa nne hakutoka mbali. Alizaliwa kwenye ziwa hili hili la Tanganyika, mama yake Mwafrika, baba yake Mfaransa. Alikuwa na miaka 56. Jina lake Abbé Albert Joubert.

Kwa watu wa Fizi, Baraka na Misisi jina hilo si geni, zaidi tangu mwaka 2024. Lakini wengi wanajua kifo chake tu. Maisha yake yanaanza na swali ambalo hata leo linaulizwa kwenye mashimo ya dhahabu: mtu ana bei gani?

Wakati wa babu zetu, swali hilo lilikuwa na jibu la sokoni. Watu wa upande huu wa ziwa walikamatwa, wakafungwa shingoni, wakavushwa kwa mitumbwi mpaka Ujiji. Kutoka pale walitembea kwa miguu kupitia Tabora hadi pwani. Mwenye nguvu alikuwa na bei moja, mtoto bei nyingine. Mgonjwa hakuwa na bei, basi aliachwa njiani.

Baba yake Albert, Kapiteni Léopold Joubert, alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Alikuwa askari wa kujitolea wa Papa kule Italia. Mwaka 1880 alikuja Afrika kusaidia wamisionari wa Kardinali Lavigerie, wale wanaoitwa Mapadri Weupe. Tangu 1887 alikaa upande wa Mpala, kisha Mrumbi, karibu na Moba. Aliwafundisha vijana wa pale kulinda vijiji, na waliowakimbia wakamata-watumwa wakapata mahali pa kujificha. Watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, walimsumbua miaka mingi.

Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akipiga kelele juu ya watumwa wa Afrika. Mwaka ule ule Papa Leo wa 13 aliwaandikia maaskofu wa Brazil kulaani utumwa. Lazima tuseme pia kwamba Kanisa lilichelewa. Kwa karne nyingi Wakatoliki wengi walikuwa na watumwa na dhamiri haikuwasumbua.

Mwaka huo huo wa 1888 kapiteni alifanya jambo lingine. Alimuoa kanisani Agnes Atakaye, binti wa inchi hii. Hakumfanya bibi wa kuficha. Albert alizaliwa katika ndoa hiyo, kwa Saint-Louis ya Mrumbi, tarehe 18 Oktoba 1908. Ni mwaka ule ule ambao Kongo ilitoka mikononi mwa mfalme Léopold wa 2 na kuwa koloni ya Ubelgiji.

Ili kuelewa ndoa hiyo ilikuwa na uzito gani, waza kidogo juu ya watoto wengine wenye damu mbili wa wakati wa ukoloni. Serikali ya Wabelgiji iliwaona kama hatari. Wengi walinyang'anywa mama zao wakiwa wadogo na kupelekwa mbali, na wengine waliwekwa kwenye nyumba za misheni za Kikatoliki zenyewe. Ubelgiji iliomba msamaha mwaka 2019 tu, na mwezi Desemba 2024 mahakama ya Brussels ilisema kwamba kuwachukua watoto wale ilikuwa kosa dhidi ya ubinadamu. Albert yeye alikuwa na nyumba, alikuwa na baba na mama wanaojulikana.

Kapiteni alikufa mwaka 1927, Albert akiwa bado kijana. Tarehe 6 Oktoba 1935 kijana huyo alipewa upadri. Baba alikuwa ameshika bunduki ili kulinda watu. Mtoto hakushika bunduki. Kanisa halioni kinyume hapo: linafundisha kwamba mtu anaweza kumlinda asiye na kosa, hata kwa nguvu kama hakuna njia nyingine, lakini halimpi mtu ruhusa ya kuua kwa chuki au kulipiza kisasi.

Miaka 29 Albert alikuwa padri. Mwisho alikuwa Fizi, katika jimbo la Uvira lililoanzishwa mwaka 1962. Pale alikaa na Padri Giovanni Didonè, Mxaveri kutoka Italia. Baraka walikuwa wenzao wawili, Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, vijana wa miaka 31 na 30.

Halafu ikaja 1964. Lumumba alikuwa ameuawa tangu Januari 1961, na watu wengi waliona uhuru haukuwaletea kitu. Hasira hiyo ilizaa uasi ambao wazee wanauita wakati wa Mulele. Mwezi wa tano waasi waliingia Uvira. Mwezi wa kumi jeshi la serikali liliurudisha mji, lakini Fizi na Baraka zilibaki mikononi mwa waasi. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walirushwa kwa ndege Stanleyville, Kisangani ya leo. Siku nne baadaye ikawa zamu ya misheni zetu.

Pale Baraka, Bruda Faccin aliamriwa apande gari. Akakataa, akapigwa risasi. Padri Carrara alikuwa kanisani akiwaungamisha watu. Alitoka, akaona mwenzake chini. Naye alikataa kupanda, akauawa karibu na maiti ya ndugu yake. Fizi gari lilifika giza limeingia. Padri Didonè aliuawa, na Abbé Joubert pia.

Mtoto wa mtu aliyepinga bei ya watumwa aliuawa siku ambayo watu hawakuhesabiwa kwa bei, walihesabiwa kwa upande wao. Huyu wa kwetu, huyu wa kwao. Kuzaliwa kwenye ziwa hili hakukumwokoa, wala kuwa na mama wa hapa hapa.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati inayoitwa Gaudium et Spes. Ndani yake maaskofu wa dunia walipanga kwenye mstari mmoja mambo yanayochafua utu: kuua, kutoa mimba, mateso, utumwa, kuuza wanawake na watoto, na kazi inayomfanya mtu kuwa chombo cha faida ya mwingine. Walisema pia kwamba mambo hayo yanamharibu anayetenda kuliko anayetendewa.

Anayeishi Misisi hahitaji kufafanuliwa orodha hiyo. Mtoto anayebeba mawe kutoka shimoni badala ya kwenda masomo yumo. Binti anayeuzwa kwenye kambi ya wachimbaji yumo. Mwizi anayechomwa moto barabarani naye yumo, juu ya kosa lake halimwondolei utu.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha Katekisimu, na sasa Kanisa linakataa adhabu ya kifo kwa kosa lolote. Mwezi Machi 2024 serikali yetu iliondoa katazo la kunyonga lililokuwapo tangu 2003, ikisema ni kwa wasaliti na majambazi wanaoua watu mijini. Wengi mashariki, waliochoka kuzika, walifurahi. Uchungu wao unaeleweka.

Miezi mitano baadaye, tarehe 18 Agosti 2024, watu walijaa Uvira. Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza Albert Joubert na wenzake watatu kuwa wenye heri, wafiadini. Miaka karibu 60 ilikuwa imepita. Kanisa lilipowakumbuka halikudai damu ya mtu.

Mtoto wa Agnes Atakaye sasa anatajwa katika sala pamoja na Waitaliano watatu, kwa majina yao, bila kutenga nani ni wa kwetu na nani ni wa kwao.