Benson, fundi wa taa aliyeikubali mashine

Wengi wetu tulisomea chemli, na palipokuwa na arusi kubwa ndipo tukaona karabai. Leo nawaletea maisha ya Mwingereza aliyeifanya taa kuwa kazi ya maisha yake, William Arthur Smith Benson, aliyezaliwa London mwaka 1854.

Alisoma Oxford, kisha akajifunza usanifu wa majengo. Akafahamiana na mchoraji Edward Burne-Jones na pia William Morris, kinara wa wale waliotaka ufundi wa mkono urejeshewe heshima wakati viwanda vilikuwa vimeijaza nchi bidhaa zisizo na sura. Morris ndiye aliyemhimiza afungue karakana yake ya vyuma, naye akaifungua mwaka 1880. Burne-Jones alimpa kazi ya kumtengenezea taji la Mfalme Cophetua, lile linaloonekana katika mchoro wake wa mwaka 1884.

Hapa ndipo ninapompendea. Wenzake wengi waliitazama mashine kama adui. Benson aliipenda. Shaba nyekundu na shaba ya manjano zilikatwa na kukerezwa kwa mashine kiwandani kwake Hammersmith, na kipande kilekile kikatumika katika taa za namna mbalimbali. Uzuri ulikuwa katika umbo, si katika alama za nyundo. Wapo waliomwona msaliti. Mimi nasema alikuwa mkweli kuliko wao, maana kitu cha mkono mtupu kilinunuliwa na matajiri tu. Ingawa tusidanganyane, taa zake nazo hazikuwa za maskini.

Umeme ulipoingia majumbani, alikuwa tayari. Taa ya mafuta lazima moto wake uelekee juu. Balbu inaweza kuning'inia kichwa chini. Lakini balbu inachoma macho. Benson akaikinga kwa shaba iliyong'arishwa, mwanga ukagonga shaba kwanza ndipo ukashuka chumbani ukiwa laini.

Mwaka 1887 alikuwa na duka Bond Street, na Morris alipofariki mwaka 1896 akawa mkurugenzi wa kampuni ya marehemu. Karakana ilifungwa mwaka 1920, naye akafariki mwaka 1924. Katika nyumba ya Standen, kusini mwa Uingereza, iliyojengwa na Philip Webb katika miaka ya 1890, taa zake zingalipo.